Nafasi Katikati ya Meza

Nikuulize, na usiharakishe kujibu: siku wakubwa wa dunia watakapokaa mezani kuigawana kesho yako, nani amekuwekea kiti?

Fundi Msasa alidhani yeye ameweka. Alikiweka kwa mikono yake, kwa randa na patasi, na alikiondoa kwa mikono hiyo hiyo.

Jina la Msasa alipewa mtaani kwa sababu hakuweza kuacha kitu na mikwaruzo. Ukimpelekea kigoda akirekebishe mguu, atakurudishia kigoda kilicholainishwa mpaka chini kabisa, mahali ambapo mende peke yake ndiye hupaona. Mkewe alikuwa akisema mzee huyu hata akitaka kugomba huyapiga msasa maneno kwanza, ndiyo maana yakija kutoka, ugomvi umekwisha zamani.

Walikuwa na watoto watatu. Wawili wana miji yao. Wa tatu, kitindamimba, alikuwa mpishi katika meli ya mizigo, na huyo ndiye aliyewakosesha raha. Ile meli ilibeba vyuma na nyaya za mmoja wa wale wakubwa wawili wa dunia ambao mtaa mzima uliwaita Mafahali, ikakamatwa katika bandari ya Fahali mwenzake. Mabaharia hawakushtakiwa wala hawakuachiwa. Walibaki humo humo melini, nchi kavu wanaiona, mguu haufiki. Mwaka ulizunguka, wa pili ukaanza. Kila Jumapili simu moja ilipita mikononi mwa mabaharia wote, na zamu ya kijana ilipofika, baba na mama waliinamia simu yao pale mezani, vichwa vikigusana.

Habari ya kwamba Mafahali watakutana kuzungumza, tena katika nchi hii isiyo ya huyu wala ya yule, ilifika kwa kijana kabla haijafika kwa wazazi wake.

"Baba, nasikia wanakuja huko kwenu."

"Wanakuja, mwanangu."

"Na habari za meli zimo?"

"Zimo. Redio imesema zimo."

"Basi mwambie mama aanike godoro langu. Asije akanilaza kwenye ukungu."

"Nimekusikia," mama akadakia. "Na wewe uje na miguu misafi, hilo godoro si sitaha ya meli."

Walicheka wote watatu. Simu ilipokatika, mama alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mwanawe, akalibeba godoro peke yake, akalitoa nje, akalianika juani.

Wiki hiyo hiyo ofisi inayosimamia ukumbi wa mikutano ikampigia Msasa. Aliyezungumza alikuwa ofisa wa itifaki, mtu wa suti iliyonyooka na pumzi fupi, ambaye mafundi wote waliowahi kufanya kazi ukumbini walimwita Bwana Itifaki. Alisema meza zilizopo zote zimekataliwa. Ya duara imekataliwa na upande mmoja, ya mraba imekataliwa na upande wa pili.

"Tunataka ndefu, fundi. Kila upande na mkono wake, wala pasiwe na kichwa cha meza. Na katikati uwaachie nafasi. Umenielewa?"

"Katikati niwaachie nafasi. Nimekuelewa, bwana."

Aliweka simu chini. Kisha akamwita mkewe.

"Wana akili hawa watu," akasema. "Wametaka nafasi katikati."

"Ya nani?"

"Ya mtu wa kati. Ugomvi wowote una mtu wa kati. Wewe na dada yako mlipogombea kile kitenge, nani alikaa katikati?"

"Wewe. Na kitenge ukapasua."

"Lakini mlipatana."

Basi akaingia kazini. Alichagua ubao mzuri kuliko zote alizokuwa nazo, ule aliokuwa akiutunza kwa ajili ya siku ya siku. Akatengeneza mikono miwili mirefu, na katikati, pale mikono inapokutana, akachonga ghuba ndogo, iliyopinda kama kiwiko kinachokumbatia, ya kumtosha mtu mmoja na kiti chake. Hapo ndipo alipomaliza misasa. Alilainisha ukingo wa ghuba ile mpaka kiganja kikipita hakisikii kitu. Alikwisha kumwona kichwani mtu atakayekaa hapo. Hakumpa sura wala cheo. Alimpa sentensi moja tu. Mafahali watasema yao, watatishana, watahesabiana makosa, kisha yule wa kati atakohoa kidogo na kuuliza: na wale vijana melini?

Bwana Itifaki alipokuja karakanani kukagua, alizunguka meza mara moja, akasimama, akaanza kujipepea kwa kofia yake.

"Fundi, hiki nini?"

"Ile nafasi."

"Nafasi gani?"

"Uliyosema. Katikati niwaachie nafasi."

"Nafasi, fundi. Nafasi tupu. Pengo. Meza hii hapa, meza ile pale, zisigusane. Hawataki kukaa kwenye meza moja hawa."

Msasa alitazama kazi yake. "Kumbe."

"Nani alikwambia kuna mtu wa tatu?"

"Si mkutano uko kwetu, bwana? Nikadhani hata sisi..."

"Sisi tunatoa ukumbi," Bwana Itifaki akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Ukumbi, maji ya kunywa na viyoyozi. Haya, kata hapa na hapa. Kesho gari linakuja."

Umeiona hiyo? Lugha yetu ina neno moja kwa shimo na kwa kiti. Tukisikia nafasi, sisi tusio na kitu tunasikia kiti. Wao walikuwa wameagiza shimo.

Msasa alikata. Msumeno ulipita upande huu wa ghuba, kisha upande ule, na kile kipande cha katikati kikamdondokea mikononi. Hakuweza kuziacha kingo zilizokatwa zikiwa na nyuzinyuzi. Alizipiga randa mpaka zikanyooka kama maji yaliyotulia bakulini. Kipande akaenda nacho nyumbani.

"Hicho nini tena?" mkewe akauliza.

"Nafasi."

Akamweleza. Mke aliupapasa ule ukingo uliopinda, akaupapasa tena.

"Kiweke chumbani kwake," akasema. "Akija atawekea taa."

Siku ya mazungumzo Msasa aliambiwa awepo nyuma ya ukumbi, kwenye ujia wa wahudumu, maana mguu wa meza ukiyumba mbele ya wageni ni aibu ya taifa. Alikaa juu ya kreti la soda na mkoba wa vifaa miguuni, akisikiliza mlango. Alisikia viti vikiburutwa. Alisikia sauti za wakalimani, nyembamba, zikifuatana kama watu wanaopanda ngazi. Mbao hazikulia. Mguu haukuyumba. Kila dakika iliyopita aliihesabia heri: bado wamekaa, bado wamekaa. Kisha viti vikaburutwa tena, vingi kwa pamoja, na viatu vikaenda pande mbili.

Bwana Itifaki alipita ujiani akiwa amelegeza tai.

"Wamekwenda kula?" Msasa akamuuliza.

"Wamekwenda kwao."

"Na habari za meli?"

"Hawakufika huko, fundi. Meli zilikuwa kipengele cha tisa."

"Walifika cha ngapi?"

Bwana Itifaki alitazama pembeni. "Walikwama cha kwanza."

"Kinasemaje?"

"Nani aanze kuzungumza."

Hapo ndipo ningependa kukuambia kwamba Msasa alipiga kelele, kwamba alibomoa mlango ule, akaingia akawaambia wote waliobaki humo wanachostahili kuambiwa. Mimi ningefanya hivyo, au ninajidanganya hivyo. Yeye aliinama kuchukua mkoba wake, mkono ukaukosa mkanda, ukaukosa tena. Akauacha hapo hapo ujiani, akatoka mikono mitupu.

Nyumbani redio ilikuwa imemtangulia. Mtaalamu mmoja alikuwa akieleza kwamba mustakabali wa uhusiano wa mataifa haya mawili haujafungwa, kwamba milango iko wazi, kwamba kwa mtazamo wa muda mrefu kuna dalili za kutia moyo. Mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe. Godoro lilikuwa limekwisha tandikwa shuka jipya.

"Mustakabali ndiyo nini?" akauliza.

"Ni kesho."

"Si angesema kesho."

"Ni kesho ya wakubwa. Yao ni ndefu."

Mama akacheka kidogo, kwa mazoea tu. Halafu akasimama, akalivua godoro shuka, akalikunja taratibu, kona kwa kona, akalirudisha kabatini. Mama mwingine angelia. Yeye alikunja shuka. Jumapili iliyokuwa imepita simu haikulia, na walikuwa wameambiana ni mtandao. Sasa hakuna aliyesema ni mtandao. Redio, baada ya mtaalamu, ilisema kwa sentensi moja fupi kwamba meli zilizozuiliwa zimesogezwa mbali na bandari kwa sababu za usalama, na mawasiliano ya mabaharia yamesitishwa. Kisha zikaja habari za michezo.

Asubuhi yake Msasa alirudi ukumbini kufuata mkoba. Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Bendera zilikwisha ondolewa, ila vitako vyake vilibaki vimesimama viwili viwili, kama viatu vya wageni waliosahau kuvivaa. Meza zake mbili zilikuwa pale pale, na lile pengo katikati, na ndani yake wanawake wawili wa usafi wakihangaika na kitambaa kirefu cha meza kilichogoma kukunjika.

"Hapa hatuwezi," mmoja akasema. "Kinaburuza chini. Tuziunganishe hizi."

"Unganisha wewe mwenye kiuno. Mimi nimezaa watano."

"Basi shika huko uzae wa sita."

Wakacheka, wakaegemeza makalio yao kwenye ile meza ya upande wa dirisha, wakasukuma. Meza ilikwenda kwa mguno mfupi. Ikafika. Zile kingo zilizokatwa zikagusana kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefunga mdomo, na kwa kuwa zilikuwa zimepigwa randa vizuri, hapakuonekana penye mwanya. Wale wanawake hawakutazama hata. Walitandaza kitambaa, wakakikunja, wakakiweka pembeni, kisha yule wa watoto watano akavuta viti viwili, akafungua chupa ya chai, akaiweka juu ya kiungo. Chupa haikuyumba.

Ndipo akamwona mzee mlangoni.

"Fundi, shikamoo. Mbona umesimama? Vuta kiti, karibu chai. Nafasi ipo."

Msasa alikwenda mpaka katikati. Hakuvuta kiti. Aliweka kiganja chake juu ya kiungo, pale ghuba ilipokuwa, akakipitisha huku na huku akitafuta mkwaruzo, na hakuupata, na hakuuondoa mkono hata chai aliyomiminiwa ikapoa.