Bertilla Anaipimia Mashine Asiyoijua

"Kala tano," anasema Mwantum, mkono kiunoni. "Kuku gani huyo aonje tatu akashukuru?"

"Nimeona tatu, da Mwantum."

"Umeona nini na wewe umeinamia karatasi, mama Beda?"

Ni saa kumi alasiri, Sumbawanga mjini. Mbele ya Bertilla, karani wa takwimu mwenye miaka thelathini na mmoja, zimebaki punje kumi na saba za mahindi. Kuku wa jirani kapita.

Mtaa mzima unaijua kazi hii na kuicheka. Bertilla huandika hesabu za makadirio ya mavuno kwa lugha ya kompyuta iliyoko Dar es Salaam. Kila jumlisha au toa ni punje moja. Zidisha au gawanya, mbili. Mabano ndani ya mabano, tatu. Mstari ukizidi punje ishirini mashine inaukataa, na karatasi hurudi baada ya wiki sita.

Kupima kwa punje alijifunza kwa mama yake, kijijini Mwazye, aliyehesabu hivyo vikapu vya ulezi.

"Miaka minne naiandikia mashine hiyo," anasema Bertilla. "Sijui hata kama inanguruma au inanyamaza. Naiwaza kama mtu wangu aliye safarini."

Mwaka huu wa 1978 karatasi zake zimerudi mara mbili. Mkuu wake, Bwana Clemens, amemwahidi: hizi zikipita zote, za msimu ujao Bertilla atazipeleka Dar es Salaam mwenyewe.

Bertilla anaanza kuuhesabu mstari upya, punje kwa punje. Mwantum anachuchumaa karibu, hacheki tena.

Ishirini na mbili.

"Kala tano," anasema Mwantum, taratibu.

Bertilla anaukata mstari vipande viwili, anapima kila kimoja, kisha anafunga bahasha. Lori la Yunusu, mume wa Mwantum, linaunguruma tayari kwa safari ya Mbeya. Kutoka huko bahasha itapanda treni. Yunusu anaiweka kwenye kiti cha mbele, pembeni yake.

Bertilla anabaki barabarani mpaka vumbi litulie.

"Msimu ujao kiti kile changu," anasema. "Nikifika nitaigusa tu hiyo mashine, nijue kama ina joto."

Mwantum anamshika kiwiko.

"Utakwenda, mama Beda. Leo ingia tule. Mwenzangu ndiye huyo kaondoka, na mimi ugali wa peke yangu haushuki."