Kitambaa cha Mizani

Yule dada wa kujitolea, aliyeletwa na misheni kupima watoto na kuwalisha uji wa nafaka ya kinoa kanisani kwetu, huku juu milimani ambako baridi haina adabu, Kihispania anakiongea kama anatafuna mawe. Lakini watoto wakining'inizwa kwenye mizani naye, hutulia, wengine wakacheka. Don Anacleto, mpimaji wetu wa zamani, roho inamuuma. Miaka kumi na moja mizani ile ilikuwa yake, na watoto walilia kama wanachinjwa, nami sisemi ya kuambiwa.

"Mzee, mikono yako chura mtupu kwa baridi," Saturnina alimtania, mwanawe mgongoni. "Mimi namsubiri mgeni."

Ndipo Alhamisi moja Anacleto akamchunguza yule dada. Kumbe kabla ya kila mtoto, dada hukitia kile kitambaa cha kuning'inizia watoto kwenye mizani ndani ya sweta lake, tumboni, akakipasha joto huku akivumisha wimbo wa kanisa.

Alhamisi iliyofuata kitambaa hakikuonekana. Dada akatafuta chini ya mabenchi, mpaka nyuma ya altare.

"Labda panya," akasema Anacleto, mkono mmoja juu ya joho lake la sufu lililotuna tumboni, mwingine ukimpungia Saturnina alete mtoto.