Bi Hakika na mizani yake kwenye duka la kompyuta

Saa nne asubuhi, duka la vifaa vya kompyuta limefungua upande mmoja tu wa mlango, na tayari Bi Hakika ameshatoa mizani ya jikoni kwenye mkoba. Anaiweka juu ya kaunta ya kioo, anaifuta kwa ncha ya mtandio, anasubiri mshale utulie. Kisha ananyoosha mkono.

"Nipe hiyo pawa saplai."

"Salamu kwanza, dada," anasema muuzaji, mwanamume mwenye tabasamu lisilokauka, ambaye mtaa mzima unamwita Kaka Ofa.

"Salamu nilikupa jana. Nipe pawa saplai."

Hilo ni boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Zuri huwa zito, kwa sababu tumbo lake limeshiba shaba. Jepesi, kwa maneno ya Bi Hakika, ni kopo lenye stika ya kupendeza. Analipima. Analigeuza, analipima tena. Halafu analinusa kwenye matundu ya feni.

"Mbona linanukia manukato?"

"Manukato ni yangu mimi, dada. Umeniegemea."

Bi Hakika anasogea pembeni na kunusa upya, taratibu, kama mtu anayekagua maziwa.

Huyu ni mama wa watoto wawili, mkata video za harusi, na anachagua vifaa vya kompyuta yake ya pili ya kuunda mwenyewe. Jina lake la mtaani limetokana na swali lake moja lisiloisha: "Una hakika?" Humuuliza muuza nyanya. Alimuuliza nesi aliyempimia mtoto uzito. Hata mumewe hakupona.

"Nilimwambia nataka kumuoa," anasimulia mumewe huku akijishika kiuno. "Akaniuliza, una hakika? Nikasema ninayo. Akaniambia niende nikafikiri vizuri, nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Akaniuliza tena."

Tabia hiyo ina chanzo chake. Zamani, kabla ya ndoa, alinunua simu mpya barabarani, boksi limezibwa vizuri, nailoni inang'aa. Alipolifungua nyumbani akakuta kipande cha kigae cha sakafuni, kimekatwa kwa ukubwa wa simu. "Na kilikuwa kigae kizuri," anasema. "Hilo ndilo lililoniuma. Mtu alikaa akakipima."

Tangu hapo haamini kitu ambacho hawezi kukirudisha. Ukiingia sebuleni kwake utaona: kochi bado limevaa nailoni ya dukani, ukikaa linakulalamikia. Rimoti imo kwenye mfuko wake. Jokofu lina karatasi ya bei mlangoni, na wageni wameizoea kama saa ya ukutani.

Kazi yake ni kupunguza saa nyingi za harusi zibaki zile zinazotazamika. Anatoa mjomba anayepiga miayo, anaacha machozi ya mama wa bi harusi, anapanga muziki upande pale pete inapoingia. Alifanya hivyo kwa kompyuta mtumba iliyokuwa ikihema kama mtu aliyebeba gunia ngazini. Harusi mbili kwa mwezi zikawa ndio kikomo chake, si kwa uvivu wake, bali kwa uvivu wa mashine.

Mumewe, dereva wa lori, alipoumia mgongo na kukaa nyumbani, harusi mbili hazikutosha tena. Ndipo wakapanga: waunde kompyuta moja yenye nguvu, ile ya kwanza. Asubuhi mke akate video. Jioni mume akae na vijana wanaolipia kucheza gemu za mpira na mbio za magari, kazi isiyohitaji kiuno.

Sasa tega sikio: nyumba yangu ya bati, ndani upepo unavuma mchana kutwa, na pazia halitikisiki. Kompyuta hiyo. Na anayeijenga hachagui tofali moja moja kwa urembo. Bi Hakika aliulizia mitaa yote. Alijifunza kwamba kadi ya picha, ile inayochora gemu, humaliza pesa za wengi, kisha wakaifunga kwenye pawa saplai dhaifu. Kwamba ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hununuliwa mbili pacha. Kwamba mkata video anahitaji prosesa, ubongo wa mashine, yenye mikono mingi, maana ndiyo inayopika video, yaani kuunganisha vipande viwe faili moja, ikaiva. Na prosesa hupata moto, kwa hiyo inabebeshwa kipoza joto, bonge la chuma lenye feni linalokaa juu yake na kuinyonya joto.

Alinunua kidogo kidogo, kila kitu kwa Kaka Ofa. Si kwamba alimwamini. "Kule kwingine walikuwa wananicheka. Yeye alikuwa anacheka na kila mtu, nikaona afadhali."

Siku ya kuunganisha, wifi yake, dada wa mume, fundi cherehani, alishika tochi. Bi Hakika alifunga kila skrubu, kisha akaipaka rangi nyekundu ya kucha kichwani.

"Ya nini hii, wifi? Kompyuta inaolewa?"

"Mtu akifungua, rangi itapasuka. Nitajua."

"Nani atafungua? Humu ndani tuko sisi."

"Ndio hao hao."

Mashine ikawaka. Taa zikacheza, feni zikaanza kuimba, mume akapiga makofi akasahau kiuno. Wiki hiyohiyo meneja wa ukumbi mkubwa wa sherehe akampa Bi Hakika harusi ya majaribio. Masharti yalikuwa rahisi kueleweka: video ifike Ijumaa mchana. Ikifika, harusi zote za ukumbi ni zake. Isipofika, kuna jamaa mwingine anasubiri mlangoni.

Jumanne alimaliza kukata. Akabofya mashine ipike video. Baada ya muda mfupi kioo kikawa cheusi, feni zikanyamaza. Akawasha. Ikazima tena palepale, bi harusi akiwa hajashuka garini.

Hapo ndipo shaka ilipotoka nje kutembea.

Alianza na mume. "Umegusa."

"Sijagusa."

"Ulicheza gemu nilipokwenda sokoni."

"Nilicheza. Lakini na yenyewe ilizima, nikanyamaza."

"Ona sasa!" Akakagua skrubu zote kwa tochi. Rangi nzima, haina ufa. Akamwacha mume, akamwendea jirani mchomelea vyuma, akamtuhumu kuvuta umeme wa mtaa mzima. Jirani akazima mashine yake siku nzima kwa heshima. Kompyuta ikazima vilevile.

Akabaki mmoja. Jumatano Bi Hakika aliingia dukani kwa Kaka Ofa watu wakiwa wamejaa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara: "Umeniuzia prosesa mfu! Umeisafisha ukaitia boksi jipya. Mwizi mwenye tabasamu ni mwizi tu!"

Wateja wawili waliokuwa wameshika pochi wakazirudisha mfukoni. Kwa mara ya kwanza, wanasema waliokuwepo, tabasamu la Kaka Ofa lilikauka.

"Dada, ilete hapa," alisema. "Tuifungue mbele ya watu. Nikiwa mwizi, hawa ndio mashahidi wako."

Alhamisi asubuhi ikaletwa kwa mkokoteni, imefungwa shuka, wifi akitembea kando kama msindikizaji wa bibi harusi. Bi Hakika alikataa bisibisi ya duka, akatoa yake. Rangi ya kucha ikapasuka skrubu baada ya skrubu. Kaka Ofa akakinyanyua kipoza joto, akakigeuza juu, akawaonyesha watu.

Pale chini, kati ya chuma na prosesa, palikuwa na nailoni. Nyembamba, ya kung'aa, yenye maandishi mekundu ya kuagiza ibanduliwe kabla ya kutumia. Ilikuwa imekunjamana kwa joto ililozuia lisipande, na joto hilo ndilo lililokuwa likiizima mashine.

"Dada, hukuiona hii?"

Bi Hakika alitazama nailoni, akatazama mkoba wake.

"Niliiona."

"Ukaiacha?"

"Niliiacha makusudi. Kitu kikishabanduliwa nailoni si kipya tena. Ungekataa nikikirudisha."

Wifi ndiye aliyeanza. "Kitendawili!"

"Tega!" likaitika duka zima.

"Kakaa jikoni juu ya moto, kavaa koti la mvua, kisha anamtukana mpishi."

"Tunakupa mji!" akasema mteja mmoja huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Wifi yangu na kompyuta yake!" akajibu mwenyewe. Kaka Ofa hakucheka. Alibandua nailoni, akaifuta prosesa, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akafunga.

"Mimi ningekipokea tu," alisema polepole. "Ungeniuliza."

Bi Hakika anakiri kwamba neno hilo lilimwingia kuliko kicheko cha duka. Alisimama palepale alipomtukania, akapaza sauti ileile ya kufika ng'ambo: "Huyu si mwizi! Kosa ni langu, na nailoni ni yangu!" Mpita njia mmoja akauliza nailoni gani.

Jioni hiyo mashine iliipika harusi yote huku chai ikichemka. Bi Hakika alikaa ameweka kiganja nyuma ya sanduku kwenye upepo wa feni, akihisi joto linatoka nje kama inavyotakiwa. Ijumaa asubuhi video ilikuwa mezani kwa meneja. Leo harusi za ukumbi ule anazikata yeye, na jioni sebule yake hujaa vijana wanaopigia kelele mabao, mume akiwa refa kitini.

Mteja mmoja kati ya wale wawili wa Jumatano hakurudi dukani. Bi Hakika anamjua anapokaa. Ameshamfuata mara mbili kumweleza, na amesema atakwenda tena.

Kompyuta hii ya pili ni kwa ajili ya wifi yake, ambaye ameamua kujifunza kukata video baada ya miaka mingi ya kukata vitambaa. Mpango wao ni kukodi chumba cha mbele, mashine mbili, mlango mmoja wa harusi na mmoja wa gemu.

Je, kochi nalo limebanduliwa? "Kochi halipati moto," anajibu.

Kwenye kaunta, mshale umetulia. Kaka Ofa anainama na kutoa kitu chini ya meza, tabasamu limerudi mahali pake. Ni mizani mpya ya dijitali.

"Nimekununulia wewe, dada. Usiwe unabeba yako kila siku."

Bi Hakika anaitazama mizani ile, anaitazama ya kwake. Anainua pawa saplai, anaipima kwenye ya duka. Kisha anaihamishia kwenye ya kwake. Uzito ni uleule.

"Una hakika hii yako ni nzima?" anauliza.

Halafu, kabla hajajibiwa, anashika ukingo wa nailoni iliyofunika kioo cha ile mizani mpya, na kuibandua mwenyewe.