Nilijificha Nyuma ya Picha ya Kondoo

Ndugu msomaji, kosa ni langu, na shetani simsingizii. Mimi mwinjilisti, mzee mwenye mvi, nililikata jina la mtoto wa watu kwenye orodha ya kipaimara, nikasema hana akili!

Mtoto huyo, nimwite Rebeka, anakaa huku kwetu juu ya Kikatiti. Homa ilimharibia masikio akiwa mdogo. Kengele ya kanisa anaisikia. Maneno yanamfikia vipande vipande.

Nikataka kumsaidia. Misheni ilituletea picha kubwa za rangi, zilizofika Arusha kwa gari moshi. Lo, nilivyojivuna! Kila Alhamisi nilimketisha mbele, nikainua picha kwa mikono miwili, nikatangaza kama Bwana D.C. barazani: "Kondoo! Mchungaji! Mto!"

Rebeka alikodoa macho tu. Miezi mitano, hata neno moja! Na mchungaji wetu hutaka kila mtoto ajibu kwa kinywa chake. Basi Jumapili nikasoma majina ya watakaopata kipaimara, lake halimo. Wenzake waliposimama, naye akainuka, akavutwa aketi. Alilia mpaka kanisa zima likageuka.

Kesho yake mama yake akaja na Rebeka, kapu la buni kichwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Hebu nioneshe unavyomfundisha mwanangu."

Nikainua picha, nikatangaza. Mama akacheka hadi akatua kapu.

"Mwalimu, uko wapi? Mimi naona kondoo aliyevaa suruali!"

"Si niko huku nyuma!"

"Ndiyo maana. Huyu husoma midomo, nawe umeifunika."

Akaiweka picha chini ya kidevu chake, akasema polepole, "Kondoo." Rebeka akamtazama, akajibu, "Ko-ndo-o." Sauti nzito, lakini neno kamili! Kumbe nyumbani hufundishwa hivyo, kwa ndizi na kibuyu vikishikwa kando ya shavu.

Ee Mungu wangu, aibu gani ile! Masharubu yangu nikayanyoa siku ileile, mdomo uonekane. Mke wangu alinicheka wiki nzima.

Lakini orodha ilikwisha kwenda misheni. Rebeka alingoja mwaka, akakaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye. Nilimwomba radhi mbele ya kanisa. Mwaka huu amejibu Amri zote kumi, namshukuru Mungu. Ila rafiki zake walitangulia bila yeye, na hilo siwezi kumrudishia.

Walimu na wazazi, nawaomba: picha ikae chini ya kidevu, uso uwe kwenye mwanga. Mtoto akinyamaza, msikimbilie kumwita mjinga. Jitazameni kwanza mmesimama wapi.