Spika Juu ya Viti vya Watu

Kanisa la Awendo liliniita likiwa limekwisha kujengwa. Dari ilikuwa imeshapigwa na kupakwa rangi nyeupe, na mchungaji alitaka sauti iwe tayari kabla ya Jumapili. Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, kwangu ni Homa Bay, na wakati huo kila kazi niliiona kama bahati. Nilikata matundu sita, nikabana spika kwenye yale mabamba membamba ya gipsamu ya dari, nikashuka ngazi. Nilijua zilipaswa kushikiliwa na mbao za paa. Lakini kuzifikia mbao kungenilazimu kubomoa dari mpya, na sikuthubutu kulisema hilo.

Jumatano iliyofuata kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, nami nilikuwa mbele nikirekebisha maiki. Mama mmoja aliinuka kumtoa nje mtoto wake aliyekuwa akilia. Hajafika mlangoni, spika moja ikaachia dari. Ilitua kwenye kiti chake cha plastiki, ikakipasua katikati. Yule mama akageuka, akatazama kiti, akatazama juu, akamkaza mtoto kifuani. Mimi niliweka maiki chini, nikawaomba wanakwaya watoke chini ya zile tano zilizobaki.

Nilizishusha zote, nikazifunga ukutani. Tangu hapo siingii chumba bila kutazama dari. Iwe benki au hospitali, natafuta kiti kisicho na kitu juu yake.

Mwaka jana nikapigiwa simu kutoka Magunga. Wanajenga kanisa, msingi ndio kwanza unachimbwa, wanataka kujua bei za spika. Nikaomba kwenda kuona ramani. Tulikutana darasani, katika shule ya jirani: msanifu wa jengo, mwenyekiti wa kamati ambaye ni mwalimu mstaafu, na mimi.

"Spika ni mambo ya mwisho, fundi," msanifu alisema. "Tukishaezeka tutakuita."

Nikisimulia ya Awendo, kazi imekwenda. Nikinyamaza, kuna mtu nisiyemjua atakayekaa chini ya spika hiyo. Nikasimulia, macho yangu mezani, mpaka kile kiti kilichopasuka.

Mwalimu akauliza: "Na sisi tukupe kazi wewe kwa nini?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini yeyote mtakayempa, mwambieni aanze na ramani."

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Ndipo msanifu akasukuma penseli upande wangu.

"Moja ina uzito gani?" aliuliza. "Nionyeshe zinakaa wapi."

Duara la kwanza lilitoka kama yai. Tulianza na mahali watu watakapokaa, kisha tukapanda juu. Spika moja niliisogeza mbali na mimbari, maana ikiwa juu ya maiki itapiga mluzi. Feni mbili zikahamishwa kwenye ramani. Msanifu akachora kipande cha mbao nene cha kubeba kila spika, kikiwa kimepigiliwa kwenye mbao za paa, na njia ya paipu za nyaya. Wiki mbili baadaye Mwalimu alinipigia, akasema kazi ni yangu, nijiandae.

Paa lilipokwisha, kabla ya dari kupigwa, nilipanda na kuning'inia kwa mikono kwenye kila kipande cha mbao. Jasho lilinitoka ingawa hakuna hata kimoja kilicholia.

Siku ya kufunguliwa kanisa lilijaa. Nilisimama nyuma, macho juu, yakizunguka kutoka spika hadi spika. Mwalimu aliniona, akapigapiga kiti kilichokuwa wazi kando yake, chini ya ile spika ya tatu.

"Njoo ukae," alisema.

Nilikwenda, nikakaa, mabega yamepanda hadi masikioni. Baada ya ibada watu walinishika mkono wakisema mahubiri yalisikika vizuri hadi mlangoni. Mimi sikushika hata neno moja; muda wote nilikuwa nikiisikiliza dari.