Sekunde Nane za Mwanzo

Nilipokuwa nasukuma baiskeli za mizigo Manono, hakuna kati yetu aliyekuwa na kengele. Kengele huibwa, au hujaa vumbi zikanyamaza. Kila msukumaji alikuwa na namna yake ya kugonga chuma ili wanaokuja mbele wapishe. Mmoja aligonga fremu kwa spana, mwingine alifunga kizibo cha chupa kwenye gurudumu. Mimi nilipiga sipoki mbili kwa msumari: ting, halafu ting nyingine ya chini kidogo. Nikiwa bado nyuma ya kilima, wenzangu walioketi kivulini walikuwa wanajua ni mimi, wananisogezea nafasi.

Tangu nihamie Kalemie, mji wa ziwani, hakuna aliyenisogezea nafasi popote.

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Watu husema ni minerval, ile karo ya shule, na ni kweli, lakini hata kama ingelipwa nadhani miguu yangu ingeondoka tu. Nilitaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi. Nimeshinda machimboni, nimefanya kazi kwenye maboti ya Moba, nimejifunza redio kwa kuzibomoa. Nilipopata ordinatere, yaani kompyuta, yenye kioo kilichopasuka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kigoma, nilikuta ndani yake programu ya kutengenezea muziki, na kwa mara ya kwanza maishani nikakaa mahali pamoja.

Chumba changu kilikuwa kwenye mteremko, juu ya barabara. Umeme ulikuja mchana, siku ulipotaka. Godoro nililisimamisha ukutani ili sauti isirudi, usiku nikalilaza chini nikalala juu ya studio yangu. Wiki nzima iliweza kupita nikiwa nimesema maneno ya kununulia mkate tu. Nilitengeneza midundo zaidi ya sitini. Niliisikiliza peke yangu, nikajisifu peke yangu, na kesho yake nikaona yote mibaya, pia peke yangu.

Siku moja nilishuka ziwani kwenye mchanga ambapo akina mama huanika ndagala. Wakiwageuza wale samaki wadogo waliokauka kwa ufagio, hutoka sauti ya shaa, shaa, kama mvua inayoanza mbali. Niliinama na simu yangu kuirekodi.

"Papa, unapiga samaki yangu picha?" mama mmoja akauliza, akiniita baba kwa heshima.

"Hapana, Mama. Nachukua sauti yao."

Akaacha ufagio, akawaita wenzake. "Mukuye! Mukuye musikie! Kuna muntu anaongelesha ndagala!"

Walicheka mpaka na mimi nikacheka. Kisha yule mama akarudi kazini, akaimba huku akifagia, na nikaacha kucheka. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, lakini huu haukuwa wimbo wa kanisa. Ulihusu mwanamke aliyesugua sufuria mbili, moja yake na moja ya mgeni, na mgeni hajafika. Nilimwomba aje kurekodi. Alikuja na dada yake, maana hakunijua, na dada yake alikaa mlangoni muda wote akinitazama mikono.

Sauti ya ndagala nikaifanya ngoma. Mwanzoni kabisa, kabla ya chochote, nikaweka ting zangu mbili. Watengenezaji wakubwa huweka sahihi yao hapo, sauti ndogo ya kusema kazi hii ni ya nani. Nilijiambia kwamba wimbo huu ukipita bila mtu kujua ni wangu, nitarudi Manono kusukuma.

Nikaupeleka redioni. Mtangazaji hakufungua hata mfuko wa visikilizio vyake.

"Weye ulishatengenezea nani?"

"Bado, Papa. Huu njo wa kwanza."

"Basi utarudi kama ulishatengenezea muntu."

Nikaenda bandarini kwa papa mwenye kioski. Ndiye anayejaza nyimbo kwenye kadi za simu za wasafiri kabla boti haijaondoka, na nyimbo za kando yote ya ziwa hutoka mikononi mwake. Kila wimbo wake huanza na sauti yake mwenyewe, yenye mwangwi: "Mwenye mashini wa bandari! Usijaze kwa mwingine!" Alisikiliza wa kwangu wote, amefumba macho.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini hii ting ting ya mwanzo, njo nini? Toa. Uniachie sekunde nane wazi. Miye naingia pale."

"Papa, pale njo jina langu."

"Jina? Ile ni kinga, baiskeli!" Akawageukia wateja. "Kijana anaitwa Kinga!"

Nilikata sahihi yangu hapohapo, kwenye ordinatere yake, kwa mkono wangu. Hakunilazimisha. Niliogopa akisema hapana sitakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Baada ya mwezi nikasikia kwamba wimbo unapigwa Zongwe, upande wa Moba. Nilipanda boti la Moba asubuhi, sina mzigo, sina biashara, ili tu nikausikie mahali nisipojulikana. Tulipofika Zongwe niliteremka, na kweli, haikupita hata saa moja. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu waliuweka kwa spika. Kwanza akaingia papa wa kioski na mwangwi wake. Kisha ndagala wangu. Kisha yule mama.

Sikuweza kujizuia. "Hii wimbo nimeitengeneza miye."

"Acha bwongo," akasema mmoja bila kuinua kichwa. "Hii ni ya mwenye mashini. Haukumusikia?"

"Ule papa ni wa kujaza tu. Muziki ni wangu."

"Kama njo yako, imba."

Mimi sijui kuimba. Nilijaribu mstari wa kwanza, sauti ikanikatikia kwenye neno sufuria. Walicheka vizuri, bila ubaya, na mmoja akanisogezea kipande cha muhogo kana kwamba nimewaburudisha. Nilikula nimesimama. Ningewaeleza nini? Kwamba mimi ni zile sehemu ambazo hakuna anayeimba?

Pembeni yao bibi mmoja alikuwa anageuza samaki wake. Wimbo ulipoanza tena, akasimamisha ufagio.

"Munyamaze kidogo. Humu ndani kuna muntu anageuza ndagala."

"Mama umezeeka, ile ni ngoma."

"Ngoma gani? Kazi ya miaka yangu yote nisiijue? Ni ndagala, tena wamekauka vizuri."

Hakunitazama. Nilitaka kumwambia ni ufagio gani, mchanga gani, siku gani, lakini nilikwisha kuitwa mwongo mara moja, nikabaki na muhogo wangu mdomoni. Boti lililorudi Kalemie nililipanda.

Sikurudi Manono. Yule mama wa ndagala alikuja na wimbo wa pili, safari hii bila dada yake. Mwanzoni niliacha sekunde nane tupu, kwa adabu. Ting zangu nikaziingiza chini ya sauti yake, kila anapovuta pumzi, toka mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kuzitoa lazima umtoe na yeye.

Papa wa kioski alifumba macho, akasikiliza, akafumbua moja.

"Kinga iko humu."

"Ndiyo, Papa."

"Uko na akili," akasema, akaingia kwenye sekunde zake nane.

Sasa huwa naenda bandarini siku za boti, nakaa juu ya magunia ya watu wengine. Wasafiri wanapiga nyimbo kwenye simu zao. Ndoo zinapita, unga unapita, mtu anaita mwenzake aharakishe. Halafu katikati ya kelele zote inapigwa ting, na ya pili ya chini kidogo. Katika watu wote walio pale, anayegeuza kichwa ni mmoja tu, na kila mara ni mimi.