Swali Ambalo Mama Tone Hakuuliza

Kwa miaka kumi na tisa Mama Tone amekuwa akitoa watu damu, na hospitali nzima hakuna mkono unaosifiwa kama wake. Jina hilo alibandikwa na wauguzi, kwa kuwa hamwagi hata tone. Chumbani kwake mna mashine inayobembea mchana kutwa, ikitikisa mifuko ya majimaji ya manjano. Ni chembe sahani hizo, chembe za damu zinazoshikana na kuziba jeraha. Zikiachwa zimelala tuli, zinaharibika.

Dereva wa gari la wagonjwa ni mchangiaji wake wa siku nyingi. Asubuhi ile alikuja kumchangia chembe hizo mtoto wa miaka mitatu, aliyezaliwa na tundu moyoni na aliyekuwa anapasuliwa siku hiyo hiyo.

"Shemeji, ninyonye polepole, mimi si chungwa," alisema akijinyoosha kitini.

"Nyamaza wewe! Ukikauka tutakumwagilia."

Fomu ya mchangiaji ina maswali kumi na manne. Mgeni husomewa moja moja. Ya dereva, Mama Tone aliijaza mwenyewe kama alivyozoea, "hapana" kutoka juu mpaka chini, huku wakicheka. Dereva akatia saini bila kusoma. Nani asiyemjua dereva?

Saa tisa alasiri, mfuko ukiwa umeshapanda thieta, kwenye chumba cha upasuaji, dereva alirudi dirishani kashika shavu.

"Shemeji, huna kitu cha jino? Tangu jana linanitesa."

"Umemeza nini?"

"Aspirini tu. Mbili jana, mbili leo kabla sijaja kwako."

Mama Tone alishika ukingo wa meza. Hilo lilikuwa swali la sita la fomu. Aspirini huzilemaza chembe sahani: zipo, zinahesabika, lakini hazishikani. Ni sawa na kupeleka mafundi waliofungwa mikono.

"Mbona unanitazama kama maiti?" dereva aliuliza.

Mama Tone alipiga simu thieta, akapokea muuguzi.

"Tuna kazi, Mama Tone! Mtoto anavuja damu, mrija wa kifuani haukauki. Hesabu ya chembe ni nzuri, kwa hiyo daktari anasema kuna mshipa umeachia. Wanajiandaa kumfungua kifua tena."

Mtoto wa kilo kumi na mbili, afunguliwe kifua mara ya pili kutafuta mshipa usiokuwepo! Na angeweza kukata simu tu. Mashine za pale zinahesabu chembe, hazijui kama zinafanya kazi. Fomu nayo ilikuwa safi, na saini chini. Karatasi ilimtetea kabisa.

"Msimfungue. Nipe daktari."

"Sema haraka," sauti ya daktari mpasuaji ikaja.

"Chembe nilizowaletea hazifai. Mchangiaji alimeza aspirini. Sikumuuliza. Fomu niliijaza mimi."

Nyuma ya daktari mashine ya thieta ililia pi, pi.

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza, daktari."

"Kuna mfuko mwingine?"

"Mmoja, wa mgonjwa wa kesho. Mchangiaji alikuwa mgeni, alijibu maswali yote."

"Lete! Nampa dakika ishirini. Damu isipokata, nafungua."

Mama Tone alipanda ngazi mbili mbili na mfuko mkononi, dereva mbele yake akisukuma milango, jino limesahaulika. Kisha Mama Tone akaukabidhi, akasimama nje ya thieta, mgongo ukutani. Dakika ya kumi na saba muuguzi alichungulia.

"Imekata. Hafunguliwi."

Mkuu wa maabara alipopata habari, alimvuta pembeni. "Mtoto amepona. Usiende kuwatia wazazi presha bure."

"Damu iliyomwagika ni ya mtoto wao," Mama Tone alisema, akaenda.

Mama wa mtoto alikuwa kwenye benchi la korido, viatu vidogo mapajani.

"Mama, mwanao yuko salama. Lakini alivuja sana, na kosa ni langu."

Akamweleza yote. Mama yule akainua macho kutoka kwenye viatu.

"Mimi nimeulizwa maswali wiki nzima. Kalala saa ngapi, kala nini, kakohoa lini. Wewe likakushinda moja?"

Mama yule alisogea mpaka mwisho wa benchi, mbali naye. Kisha akaonyesha kwa kidole nafasi aliyoiacha.

"Kaa hapo. Baba yake yuko njiani. Utamwambia kwa mdomo wako."

Akakaa.